Fundi wa mandolini asiyeliamini tena sikio lake

Asubuhi hii fundi amefunga dirisha la karakana yake, amezima redio, na bado haridhiki. Mandolini imelala pajani. Anagusa nyuzi mbili, anakaza moja, anainamisha kichwa, anagusa tena.

"Unasikia sauti moja au mbili?" anamuuliza mumewe, aliyesimama mlangoni.

"Mbili, mke wangu."

Yeye amesikia moja.

Mandolini, ala inayofanana na gitaa dogo, ina nyuzi nane, zimepangwa pacha pacha. Pacha wote wawili lazima walie kwa sauti moja. Wakipishana kidogo tu, wimbo unachacha kama maziwa. Kwa miaka ishirini na miwili mama huyu, ambaye wateja humwita Mama Nyuzi, ametunza ala zote za okestra ya mandolini ya mtaani kwao, kuanzia zile ndogo hadi mandochelo, kaka yao mkubwa anayenguruma.

Tangu mwaka jana sikio lake la kushoto linavuma kama birika jikoni. Alimwambia mumewe tu.

"Fundi wa sauti asiyesikia ni mpishi asiyeonja," anasema, anacheka, kisha kicheko kinamkatikia.

Jumatano siri ilianza kuvuja. Katikati ya mazoezi, mpigaji mmoja alisimamisha wimbo, akainua mandolini yake iliyopishana sauti. "Mama, hii si imetoka kwako jana?"

Okestra nzima ikamgeukia. Akajibu kwamba nyuzi ni mpya, bado zinanyooka. Usiku ule usingizi ulimpaa.

Kesho yake alimfuata kiongozi wa okestra, akamweleza yote. 

"Kumbe! Mimi nilidhani masikio yangu ndiyo yameota kutu," mzee akasema. "Basi Jumamosi kwenye onyesho kila mtu atakaza nyuzi zake. Wewe gundi na mbao bado ni zako."

Maneno hayo yalimpoza kidogo, lakini hayakumtuliza. "Leo wananihurumia," anamwambia mumewe. " Mwakani wakitafuta fundi mwingine, nitawalaumu kwa lipi?"

Binti yake, mshonaji, sasa huja jioni kujifunza kukaza nyuzi.

"Mama, usinishike mkono. Acha nisikie mwenyewe."

Mama huuondoa mkono, shingo upande.

Jumatatu ana miadi hospitalini. "Nikiambiwa ni nta tu imeziba sikio, nitacheka njia nzima hadi nyumbani. Nikiambiwa vingine, binti atasikia, mimi nitaunda. Nina mbao za mandochelo nimezikausha tangu mwaka juzi. Naanza wiki ijayo. Nataka niisikie ikilia kabla sikio halijafunga mlango."