Damu ya Baba Mdogo

Walisema sitaweza. Pale Asembo Bay nilipozaliwa, majirani walicheka kwamba mtoto anayekimbilia nyuma ya nyumba samaki akipasuliwa hawezi kuwa daktari hata wa kuku. Basi wajue: nilivuka bahari, nikaosha vyombo vya watu miaka mitatu, nikarudi Kisumu na stashahada ya maabara ya tiba niliyojilipia mwenyewe. Imetundikwa ukutani nyumbani kwangu Milimani, na mgeni hatoki bila kuisoma. Lakini kila asubuhi nikifungua chupa ya spiriti kazini, harufu ile kali inayopoza pua huniondolea majigambo yote. Hunirudisha kwenye wodi ya watoto, miaka ya tisini ikianza, nikiwa na miaka tisa, nimeketi miguuni pa kitanda cha dada yangu Atieno.

Atieno alikuwa na miaka sita. Alizaliwa na selimundu, ingawa nyumbani tuliita tu ugonjwa wa mifupa, kwa jinsi alivyolia magoti yakimuuma. Juma hilo malaria ilimshika, macho yakawa manjano, na viganja vyake vikapauka kama tumbo la samaki. Daktari akamwambia mama kwamba damu ya mtoto imepungua mno na hospitali haina ya kumwongeza. Tulete watu wawili wa kutoa, siku hiyohiyo.

Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, na baba alikuwa kazini Mombasa. Aliyekuwepo ni baba mdogo Odhiambo, mdogo wake baba, mvuvi mwenye mikono minene, ndiye aliyembeba Atieno mgongoni kutoka stendi. Mimi sikuwa na wasiwasi. Mtu mkubwa namna ile, niliwaza, damu yake itatosha wodi nzima.

Mzee wa maabara, mpole mwenye miwani, aliniona nikichungulia akaniita ndani. Alinionyesha kijichupa chembamba cha damu iliyosimama tangu asubuhi. Juu palikuwa na maji ya manjano, katikati utando mwembamba mweupe, chini wekundu mzito. Akanieleza kwamba maji yale ni plazma, yanasambaza chakula mwilini na kusomba taka. Kwenye ule utando wamo askari wanaopigana na magonjwa, pamoja na chembe ndogondogo zinazoziba kidonda. Na chembe nyekundu ndizo zinazobeba hewa kutoka mapafuni hadi kidole cha mguu. Za dada yako, akasema, zinajikunja kama mundu, zinakwama njiani na kufa mapema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazama damu bila kukimbia. Nikanyoosha mkono anitoe yangu. Akasema bado mdogo.

Niliporudi wodini mama alikuwa akimwomba baba mdogo.

“Yangu hapana, Mama Atieno,” akasema. “Ya mtu mwingine yeyote. Yangu hapana.”

Nikamuuliza kama anaogopa sindano.

“Naogopa, daktari wangu,” akanijibu, akatoka.

Alasiri alirudi na watu wawili. Mmoja alikuwa Kalasinga mwenye karakana ya mbao, ambaye baba mdogo aliwahi kumpakilia magogo. Wa pili alikuwa Mama Akoth, aliyekaanga mgongo wazi sokoni, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Walilala vitanda viwili jirani, na Mama Akoth akamtania Kalasinga kwamba sasa mtoto ataamka akidai chapati. Kalasinga akajibu kuwa afadhali chapati kuliko kuamka akipiga kelele za soko. Mama alicheka huku akilia. Damu ilishuka tone kwa tone, na kesho yake asubuhi Atieno aliomba uji.

Aliishi miaka minne zaidi.

Mimi sikumsamehe baba mdogo. Nilimpa jina, Yangu Hapana, nikawafundisha watoto wenzangu, nasi tulimwimbia ufuoni akivuta nyavu. Aliinua mkono kama aliyesalimiwa. Alituletea samaki, nami nikasukuma sahani. Mwaka mmoja kabla Atieno hajalazwa alikuwa amemzika mke wake, aliyekonda hadi akabaki macho, na watu walinong'ona kuwa ni chira, laana ya waliovunja mila. Naye alipoanza kukonda walinong'ona hivyohivyo. Siku chache kabla hajafa aliniita. Nilisimama mlangoni, nikakataa kuingia.

“Atieno anakula?” akauliza.

“Anakula.”

“Basi.”

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Nilielewa nikiwa ng'ambo, katika darasa lenye baridi, mwalimu akifundisha magonjwa yanayopitia damu, na jinsi miaka ile kuna mahali vifaa vya kuipima havikutosha. Niliweka kalamu chini. Hakuna aliyekuwa amempima baba mdogo. Alichokuwa nacho ni kaburi la mke wake na kile alichokihisi mwilini, na hakuweza kukitamka katika wodi iliyojaa watu wa kwetu. Akakubali kuitwa mwoga, akaenda kwa miguu kumtafutia mtoto damu safi. Ile miaka minne ya Atieno ilitoka kwa watu watatu, nami nilikuwa nimewahesabu wawili.

Niliporudi nilianza kulipa, chupa kwa chupa. Ya kwanza niliitoa kwa ajili ya Mama Akoth, aliyekwisha kufariki. Baada ya miezi mitatu nikatoa ya Kalasinga, aliyehama mjini. Ya tatu niliitoa mwaka huu, na siku hiyo nikawa nimemaliza deni. Muuguzi aliyenifunga mpira mkononi aliuliza kama ninamtolea mgonjwa.

“Natoa kwa niaba ya baba yangu mdogo.”

“Yeye mwenyewe hawezi?”

“Hakuweza,” nikamwambia, nikakunja ngumi ili mshipa utokeze.