Glasi Niliyoikataa Cibitoke

Mimi ni mtu wa kujitetea. Ukinikosoa nitakujibu, na nikikosa la kujibu nitanuna. Lakini kwa jambo la siku yangu ya kwanza Bujumbura sina pa kujitetea hata kidogo, na nimelinyamazia miaka yote hii kwa sababu ya aibu tu, basi.

Nilitoka Tanga kwenda kusomea uuguzi. Baba yangu alikuwa dereva wa malori, na kila lori lilipomsumbua katika safari za Burundi alilala kwa fundi mmoja wa magari, mtaa wa Cibitoke. Wakawa kama ndugu. Yule fundi alipofariki, baba alilia kama mtoto. Na mjane wake aliposikia kwamba natafuta pa kukaa, alimwambia baba kwa simu asihangaike, mtoto wa rafiki ya mumewe ni wake pia. Ndivyo nilivyopata kitanda, meza ya kusomea na mama wa pili hata kabla sijavuka mpaka.

Kuna kitu baba hakukijua, na mimi nilikijua nikiwa nimeshaharibu. Nakisema hapa mapema ili uone ukubwa wa ujinga wangu. Yule fundi aliumwa tumbo siku mbili tu, akafa. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba mkewe amemtilia kitu kwenye kinywaji. Hakuna aliyemwambia usoni. Walimsalimia, walimpa pole, hata sufuria walimwazima, ila kwake hawakunywa tena, hata maji. Mwanamke ambaye majirani hawanywi kwake ameshahukumiwa, hata kama hakuna aliyefungua mdomo. Miezi minane alikaa hivyo. Safari hii aliwaita majirani sita waje kumpokea mgeni kutoka Tanzania, na kwa kuwa ni vigumu kukataa kumwona mgeni, wote sita wakaja. Mgeni akinywa, na wao watakunywa. Ndilo lilikuwa tegemeo lake lote, na tegemeo lenyewe lilikuwa mimi.

Binti yake, tuliyelingana naye umri, alikuja kunichukua kwenye ofisi ya basi, Rohero. Ndani ya teksi alinicheka mpaka akashika mbavu kwa namna nilivyoongea. "Weye unasema kama redio!" Nilijifanya nimeudhika, lakini moyoni nilifurahi. Nilijiona nimetoka kwa watu wenye lugha yao, wenye usafi wao, na kwamba hawa wangejifunza kitu kwangu. Lo, mimi!

Tulifika mchana, jua kali. Sebule ilikuwa imepigwa deki mpaka inang'aa, viti vimevikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na wale wamama sita wamekaa kwa kujipanga, vitenge vyao vya kutokea. Yule mjane, mama yangu wa pili, akanikumbatia, akanishika mashavu, akanitazama, akanikumbatia tena. "Karibu, mutoto wangu. Ikala, ikala." Nikakaa kwenye kiti alichonionyesha, cha katikati, wote wananiona. Akaleta jagi la juisi ya ndizi mbivu, aliyoikamua mwenyewe tangu asubuhi. Akawamiminia wale sita kwanza, kila mmoja glasi yake. Wakazishika. Hakuna aliyekunywa. Nikadhani ni adabu ya kumngoja mgeni, na kweli ilikuwa adabu, lakini si hiyo peke yake.

Kisha akamimina yangu. Akaiinua, akapiga funda moja kubwa, akameza, halafu akanipa kwa mikono miwili.

Haa! Mtu mzima anakunywa kwenye glasi yangu halafu ananipa mimi? Mama yangu mzazi ni muuguzi. Alitulea kila mtu na kikombe chake, na ukikosea ukanywea cha mwenzio unakosha vyote viwili. Nilikuwa sijaingia darasani hata siku moja, na tayari najiona muuguzi mkuu. Nikaitazama ile alama ya midomo kwenye ukingo wa glasi.

"Samahani mama," nikasema, tena kwa tabasamu, "naomba glasi nyingine. Iliyo safi."



"Hii ni safi, mwanangu," akasema. "Mi mwenyewe nimeonja, umeona."

"Nimeona, mama. Ndiyo maana naomba nyingine."

Nilidhani nimesema kitu cha kuchekesha. Hakucheka mtu. Binti akakimbia jikoni, akarudi na glasi nyingine inayodondoka maji. Mama akamimina tena. Akanitazama, akawatazama wale wanawake, na kwa kuwa hakuweza kunipa kinywaji bila kukionja, akakionja tena. Mimi nikaguna. Niliguna kweli, nilijisikia mwenyewe. Nikasema, "Basi mama, acha tu. Sina kiu."

Mwanamke aliyekaa karibu na mlango aliweka glasi yake mezani, taratibu, imejaa vilevile. Akasema ameacha maharage motoni. Mwingine akakumbuka mgonjwa wa kumtazama, na wengine wakafuata, glasi zao hazijaguswa. Hawakuwa na haraka, hawakuwa na ubaya wowote usoni, kila mmoja alinipa mkono akanitakia masomo mema. Mama akasema, "Mutoto amechoka na safari, mutusamehe." Alikuwa ananitetea mimi! Kisha akawasindikiza nje, kama inavyotakiwa.

Binti akabaki ameegemea ukuta, machozi yanamtoka.

"Kwani nimefanya nini?" nikamuuliza, tena kwa ukali, maana mimi nikiogopa huwa mkali.

Akaniambia. Kwamba anayekupa kinywaji lazima aonje kwanza mbele yako, ujue hakuna kitu ndani. Kwamba ukikataa akishaonja, umesema kuna kitu. Kisha akaniambia habari za kifo cha baba yake, na za miezi ile minane, na kwamba mama hakulala kwa kuwaza kama wale wanawake watakuja.

Sijui nieleze vipi. Masikio yaliwaka moto. Nilitamani ardhi ipasuke, nilitamani nimpigie baba aje anichukue siku ileile, na palepale nikakumbuka kwamba itabidi nimwambie baba kwa nini. Nikainyakua ile glasi niliyoikataa nikainywa yote kwa pumzi moja. Nikainywa na ile ya kwanza. Nikachukua ya yule wa mlangoni, nikanywa, nikachukua nyingine. Ilikuwa tamu, na hilo liliniumiza zaidi. Binti alikuwa ananitazama tu, hanizuii.

Mama aliporudi kutoka kuwasindikiza wageni alinikuta nimesimama katikati ya sebule, glasi ya tano mkononi, juisi inanitiririka kidevuni mpaka kwenye blauzi yangu ya safari.

"Mama, nisamehe. Sikujua. Wallahi sikujua. Ona, nakunywa."

Alinisogelea, akanifuta kidevu kwa ncha ya kitenge chake. Hakuwa na hasira, na ningefurahi kama angekuwa nayo.

"Najua, mwanangu. Weye ni mugeni," akasema. Akaichukua ile glasi mkononi mwangu, akaiweka mezani pamoja na zile nyingine. "Lakini unakunywa sasa. Wale wenye nilitaka wakuone, wameshaenda."