Mbili ya Mwalimu

Mwaka wangu wa kwanza wa utabibu Ngara, niliweza kumaliza wiki nzima bila kuambiwa neno lisilohusu ugonjwa. Nyumba ya mtumishi ilikuwa nyuma ya kituo cha afya: vyumba viwili na mimi. Wenzangu wakitoka kazini walikwenda kwao, wakaongea Kihangaza chao na kucheka. Mimi ni mtu wa Singida, Kihangaza changu kiliishia kwenye salamu. Mchana nilikula kwenye benchi la nje, nikijifanya nina shughuli kwenye simu.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, bodaboda ilimshusha mzee kutoka upande wa Mugoma. Hakuwa na mtu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, na mfukoni alichomeka kalamu nyekundu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Maumivu yalimwanza alfajiri juu ya kitovu, yakapenya hadi mgongoni, na alikuwa anatapika. Nilipouliza habari ya pombe alinitazama kama mtu niliyemkosea adabu, akasema rubisi aliiacha siku aliyomzika mkewe. Nikawaza kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Kikivimba kinaweza kukulaza siku tatu kikapoa, au kikakuua. Kazi yangu ilikuwa kujua mapema ni lipi kati ya hayo mawili, maana mwenye hali mbaya hatibiwi kwenye kituo kama chetu, anapewa rufaa. Kipimo cha damu cha kongosho hatukuwa nacho. Tulikuwa na macho, saa ya ukutani, mashine ya presha na maswali.

"Kuanzia sifuri mpaka kumi, mwalimu, unajipa ngapi?"

"Mbili," akajibu bila kusita.

Maumivu peke yake hayapimi ukali wa kongosho. Hilo nilifundishwa na nilifaulu mtihani wake. Lakini ile mbili ilinilegeza. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, nikasema ni safari ya pikipiki. Nikamtundikia dripu, nikamchoma sindano ya maumivu, nikaandika "2/10" kwenye faili na kwenda kwa wagonjwa wengine. Saa sita nikatoka kula.

Saa saba muuguzi, mzaliwa wa hapo hapo, aliingia zamu na kusoma faili.

"Daktari, nani kaandika mbili?"

"Kasema mwenyewe."

"Huyu kanifundisha darasa la nne! Kumi kwake ni kupata zote. Wewe umemuuliza anajipa ngapi, na yeye kajisahihisha. Mbili ni kufeli, daktari."

Nilikwenda kitandani karibu kwa kukimbia. Alikuwa anahema. Mapigo yalikuwa mia na thelathini, presha imeshuka, na mkojo wa tangu asubuhi haukujaza nusu kikombe. Nilipomuuliza leo ni siku gani alifikiri mpaka nikaona aibu. Nikapiga simu ya gari la wagonjwa. Lilikuwa limeondoka saa sita kwenda Biharamulo na mama mjamzito. Saa nne, nilipokuwa naandika mbili yangu kwa mwandiko mzuri, lilikuwa limeegeshwa chini ya dirisha. Nilijichukia, na sioni sababu ya kulipamba hilo.

Tukafungulia dripu, tukamwekea oksijeni, tukasubiri. Muuguzi alikwenda kuhangaikia gari jingine. Mimi nikakaa pembeni ya kitanda.

"Na wewe, mwanangu," mwalimu akasema kwa taabu, "unajipa ngapi?"

"Kumi, mwalimu."

"Muongo. Nimekuona dirishani ukila. Mwenye kumi hali peke yake."

Nikacheka, kwa sababu kulia mbele ya mgonjwa ni vibaya. Gari lilifika saa kumi. Kwenye fomu ya rufaa palikuwa na nafasi ya simu ya ndugu, naye hakuweza tena kutaja ya mtu, nikaandika yangu.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Mgonjwa amefariki. Sauti ikauliza mimi ni nani wake. Nikasema si ndugu. Ikasema hakuna namba nyingine.

Siku hizi kabla ya kuuliza huwa naeleza: hapa si shuleni, kumi ndiyo maumivu mabaya kuliko yote. Wagonjwa hucheka, nami nawaacha wacheke. Lakini Jumatatu ile, baada ya kukata simu, nilikwenda wodini. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi, na dirisha lilikuwa wazi. Kutoka pale benchi langu lilionekana lote.

"Mbili," nikamwambia. "Najipa mbili, mwalimu."