Kwenda Munje Kumwona Namba Kumi na Nne

Sababu ya safari yangu ilikuwa sabuni. Kila Jumapili asubuhi mume wangu, Bakari, alikuwa akinimwagia uani jezi za timu ya Chapakazi, ambayo yeye alikuwa katibu wake, kisha akienda kukaa barazani ili wapita njia wamwite Katibu. Mimi sikuwahi kuteuliwa kuwa dobi wa Chapakazi. Hakuna mkutano uliokaa, hakuna mkono ulioinuliwa. Lakini nilikuwa nimezifua kwa miaka sita, na mtu aliyefua jezi miaka sita hahitaji kusimuliwa mchezo. Jezi ya kipa ikirudi na udongo kifuani, najua tulishambuliwa. Namba tisa ikirudi imechafuka mgongoni tu, najua mshambuliaji wetu alilala chali mchana kutwa akimlilia refa.

Namba kumi na nne ilikuwa ya mwanangu Salim, kijana wa miaka kumi na tisa. Kwa wiki kumi na moja mfululizo ilirudi safi kama ilivyokwenda.

"Salim anacheza kwa akili," Bakari aliniambia nilipomuuliza. "Mchezaji wa akili hachafuki."

Nilipomuuliza Salim mwenyewe, alisema, "Mchezo ulikuwa mzuri, mama," akaendelea kula.

Basi Ijumaa moja, mwaka uliofuata ile mvua kubwa iliyobomoa barabara zetu, nikamwambia Bakari kwamba kesho yake nitakwenda naye Munje kwenye mechi. Mama yake, Bi Mishi, alikuwa karibu akichambua mchicha, akasema naye atakwenda. Bakari alitueleza kwa upole kwamba siku ya mechi viongozi huwa na kazi nyingi za ndani, ambazo mtu wa nje si rahisi kuzielewa.

"Hizo ndizo tunazotaka kuziona," Bi Mishi akamjibu, na mjadala ukaishia hapo.

Saa tatu asubuhi tulikuwa Ukunda, kando ya barabara kuu, tukilitazama basi rasmi la Chapakazi. Lilikuwa lori la kubebea mawe ya kujengea, mali ya mwenyekiti wa timu. Mawe yalikuwa yameshushwa. Vumbi lake liliachwa kwa ajili yetu. Mwenyekiti mwenyewe hakusafiri kwa kuwa, kwa maelezo ya Bakari, alikuwa na majukumu mazito. Tuliyaona majukumu hayo wakati lori linaondoka: alikuwa ameketi mbele ya duka lake na kikombe cha kahawa, akatupungia mkono.

Kiti cha mbele kilikuwa cha kocha, Kilonzo, kijana ambaye wazazi wake walitoka Ukambani wakapata shamba kule Shimba Hills. Bi Mishi alipanda na kukaa bila kuuliza ni cha nani.

"Shosho, hapo ni pa kocha," Kilonzo alisema.

"Hujaniamkia."

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa panda nyuma, mwanangu, huko kuna hewa."

Huko nyuma nilikaa juu ya mfuko wa mipira. Salim alikaa mbali nami kidogo, amezishika ndoo mbili za maji katikati ya magoti yake. Tulipofika njia panda ya Galu sote tulikuwa weupe kama watu waliopakwa unga.

Galu tulimchukua kipa wetu, Athumani. Alikuwa bawabu wa usiku katika hoteli moja ya pwani, na kwa kuwa miaka hiyo wageni walikuwa wametukimbia, kazi yake ilikuwa kulinda vitanda visivyolaliwa na mtu. Alipanda lori bado amevaa sare, akasalimia kwa adabu, akalala kabla dereva hajageuza gari. Bakari alimwekea mfuko wa jezi chini ya kichwa. Nikawa nimeiona kazi ya kwanza ya ndani ya uongozi: kumtafutia kipa mto.

Saa tano na nusu tukasimama Msambweni kumchukua refa. Nilimuuliza Bakari kama ni desturi refa kusafiri na timu mojawapo. Akasema refa hana usafiri, na mwenye lori ndiye humleta, na kwamba haya ndiyo mambo aliyosema si rahisi kuyaelewa. Refa alikuwa mkahawani, anakula mbaazi na mahamri. Alikula bila haraka. Mume wangu alisimama kando ya meza kwa heshima ambayo sikuiona hata siku alipokuja kuniposa.

Alipomaliza, refa akaja mbele ya lori akamkuta Bi Mishi.

"Mama, mimi ndiye refa."

"Na mimi ndiye mama wa katibu. Panda, tubanane."

Wakabanana mpaka Munje. Tulipofika, Bi Mishi alikuwa amekwisha kumweleza dawa ya kiungulia, na watu wa Munje walikuwa wamekwisha kumwona refa akishuka kwenye lori letu. Walitutazama sisi, kisha wakamtazama yeye. Yeye naye, ili kuwathibitishia kwamba hakununuliwa, mchana ule alitunyima penalti mbili.

Munje, saa saba. Uwanja uko katikati ya minazi, na mbuzi walikuwa bado hawajapewa taarifa ya mechi. Chumba cha kubadilishia nguo cha wageni kilikuwa banda la kukaushia nazi, kwa hiyo timu yetu iliingia ikinuka vumbi ikatoka ikinuka mbata. Sisi wanawake tulipokewa na Bi Zuhura, mke wa katibu wa Munje, mama mmoja mpole mwenye leso ya kijani. Alitutandikia mkeka kivulini, akatuletea madafu.

"Mmekuja kutazama mpira?" aliniuliza.

"Nimekuja kumtazama mwanangu."

"Anavaa namba ngapi?"

"Kumi na nne."

Bi Zuhura alinitazama kidogo. "Namba kumi na nne mara nyingi ni ya kukaa," alisema. "Mimi wangu alikuwa kumi na tano. Huyo hata benchi lilimwona ni mzigo."

Kutoka kwenye mkeka ule niliishuhudia ofisi ya katibu ikifanya kazi. Ofisi yenyewe ilikuwa mfuko wa plastiki wenye kadi za wachezaji. Bakari alimpelekea refa kadi zile, akasimama huku zikikaguliwa moja moja. Katibu, maji. Katibu, pampu iko wapi? Akapiga magoti kujaza mpira upepo, akamwamsha kipa, akamfukuza mbuzi golini. Mchezaji mmoja akalalamika kwamba kamba ya kiatu chake imekatika. Mume wangu, ambaye nyumbani huomba aletewe gilasi iliyo kando ya mkono wake, akainama, akazivuta kamba za viatu vyake mwenyewe, akampa. Kuanzia hapo alitembea akiburuta miguu kama mgonjwa. Hakuna aliyemwambia ahsante. Nilikuja nimejiandaa kucheka, na kicheko hakikutoka.

Mechi ilianza. Salim alikaa benchi. Munje walitufunga la kwanza mapema, na la pili kabla ya mapumziko. Wakati wa mapumziko beki wetu wa kulia alitoka akichechemea, kifundo kimevimba. Nilimsikia Kilonzo vizuri kabisa, kwa sababu nilikuwa nimesogea.

"Salim, vua hiyo shati, pasha misuli, utaingia."

Salim akasimama. Hapo Bakari, aliyekuwa nyuma yao na ndoo, akatikisa kichwa. Mara moja tu, kidogo, kama mtu anayekataa kuongezewa chai.

"Katibu, lakini huyu kijana ako sawa," Kilonzo akasema. "Si umwachilie tu aingie?"

Bakari akatikisa kichwa tena. Kilonzo akainua mabega, akamwita mwingine. Salim akakaa. Alikaa kama mtu aliyezoea.

Kipindi cha pili kilipokuwa kimekwenda kitambo, nilimfuata mume wangu nyuma ya banda la mbata.

"Kumbe ni wewe," nilimwambia.

"Mama Salim, si hapa."

"Ni hapa hapa. Nyumbani utaniambia habari za akili."

Alitazama chini, kwenye viatu vyake visivyo na kamba. "Watu watasema nampendelea mwanangu."

"Wiki kumi na moja umempendelea nini? Ubao wa benchi?"

Aliokota kipande cha kifuu, akakigeuzageuza mkononi. "Hajui," alisema mwishowe. "Hajui mpira, Mama Salim. Ana moyo, anakimbia, mazoezini hufika wa kwanza. Lakini mpira ukimfikia, miguu yake haielewani. Na watu wa viwanjani wana midomo, wewe huwajui. Niliona bora waseme hana bahati kuliko waseme hajui."

Mtu niliyemhesabia uongo wa wiki kumi na moja alikuwa amemficha mwanawe asichekwe, na kwa sababu hiyo alikuwa amekubali mimi nimwone yeye mwongo.

Salim alikuwa amekuja nyuma yetu kuchukua ndoo. Sijui alisikia kuanzia wapi.

"Najua, baba," alisema. "Nimejua tangu mwaka jana."

"Sasa unakuja kufanya nini?" nikamuuliza mimi.

"Hii ni timu yangu, mama. Na baba hawezi kubeba ndoo mbili." Akainua ndoo. "Lakini ningependa kuingia mara moja. Wakicheka, wacheke."

Bakari alikitupa kile kifuu.

Mambo haya yalipokuwa yakiendelea, Bi Mishi alikuwa ameinuka mkekani na kumwendea Kilonzo kwa mwendo wake wa taratibu.

"Kocha wa timu hii ni nani," alimuuliza, "ni wewe au ni mwanangu?"

"Ni mimi, shosho."

"Basi?"

Kilonzo alifikiri kidogo, kisha akapaza sauti kumwita Salim.

Aliingia zikiwa zimebaki kama dakika ishirini. Mpira wa kwanza uliomfikia aliupokea vizuri, akainua kichwa kama mchezaji wa kweli, akampasia mshambuliaji wa Munje. La tatu. Vijana wa Munje waliokaa kwenye magogo walisimama kumshukuru, wakaomba asitolewe. Bakari alijifunika uso kwa mfuko wa kadi. Salim aliinua mkono kumwomba radhi Athumani, ambaye kwa kweli wakati huo alikuwa macho, kisha akarudi mahali pake akaendelea kukimbia.

Aliendelea kukosea. Aliukosa mpira mmoja mzima mzima, akaupiga mwingine kuelekea baharini. Walicheka, naye hakufa. Kisha winga wao, kijana mwembamba mwenye mbio za ajabu, akatoroka upande wake. Salim alimkimbilia kwa hasira yote ya wiki kumi na moja, akajitupa chini, akaugusa mpira kwa ncha ya kiatu ukatoka nje. Wote wawili waligaragara vumbini. Kwenye magogo hawakucheka tena.

"Huo ndio mpira," alisema Bi Zuhura, ingawa winga yule alikuwa mtoto wa dada yake.

Tulifungwa matatu kwa sifuri. Wenyeji walitupa wali na samaki, wakatutendea wema wote ambao mshindi humtendea aliyeshindwa. Wakati wa kuagana Bi Zuhura alinishika mkono akaenda nami hatua chache.

"Mimi wangu nilimwambia aache mpira, asije akaniaibisha," alisema. "Aliacha. Siku hizi Jumamosi analala tu, na mimi namwangalia anavyolala."

Saa kumi na moja tulianza kurudi. Bi Mishi na refa walikaa mbele, marafiki wakubwa. Bakari kwa kawaida husimama nyuma ya kichwa cha lori, ameshika chuma, ili aonekane na watu wa barabarani. Siku ile alikuja kukaa chini vumbini, kando ya Salim.

"Ule wa kwanza ulipaswa kuutoa nje," alisema.

"Nilimwona Juma wetu kule mbele yuko huru."

"Juma hajawahi kuwa huru tangu nimjue."

"Alikuwa ameinua mkono, baba."

"Alikuwa anajikuna."

Refa alishuka Msambweni hawajamaliza. Athumani alishuka Galu kurudi kwenye vitanda vyake, nao bado wanabishana kuhusu mguu upi ulifaa. Nyumbani mazungumzo ya wale wawili yalikuwa ni kuombana chumvi. Walikuwa wamepanda lori hilo moja kila Jumamosi, kila mmoja akijua alichokijua mwenzake, na kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa kunyamaza.

Tuliposhuka Ukunda, Bakari aliniuliza kama tutakwenda tena wiki inayofuata. Bi Mishi akasema amekwisha kupatana na dereva kuhusu kiti. Mimi nikamwambia nitaona, kwa sababu nilikuwa nimesafiri siku nzima kutazama mpira na nilichokiona zaidi ni watu.

Jumapili niliamshwa na sauti uani. Nikafungua dirisha. Bakari alikuwa kando ya mihogo, kikoi amekikunja magotini, anamfundisha mwanawe namna ya kutoa mpira nje. Alirudi nyuma hatua tatu, akavuta pumzi, akaupiga. Mpira ulikwenda upande wa jikoni, kiatu kikaenda kwa jirani. Salim hakucheka. Aliufuata mpira, akamrudishia baba yake, akasubiri afundishwe tena. Nikasimama pale dirishani, nikaelewa jambo ambalo katibu wa Chapakazi alilificha vizuri kuliko yote kwa miaka sita: yeye mwenyewe naye hajui.