Bunduki ya Bega la Kushoto

Nikifumba macho, mwanangu, ile Jumamosi inarudi yote kama ilivyokuwa. Nimesimama kwenye uwanja wa shabaha, mwendo wa saa nzima kwa treni kutoka kwangu Thornton Heath, huku ughaibuni, na mbele yangu kuna sahani tano za chuma, kila moja kama kisahani cha chai. Nimepiga risasi kumi. Sahani zote tano bado zimesimama, zinaniangalia.

Jana ulinitumia picha za bunduki tatu, ukiniuliza ipi ununue ya kujifurahisha na sahani siku za wikendi. Nitakujibu, ila kwa njia yangu. Mimi shule niliiacha darasa la nne, sijui kujibu kwa mstari mmoja.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini, kazi yangu kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, na katika klabu ya shabaha nilikuwa mwanachama wa majaribio kama ulivyo wewe sasa. Unajua hali yake. Unapiga bunduki za klabu, wazee wanakutazama miezi, na wakikuamini ndipo unaenda polisi kuomba leseni. Wasipokuamini unarudi nyumbani kutazama mpira. Nilikuwa Mkamba peke yangu pale, mjukuu wa mpiga mishale aliyejulikana mpaka ng'ambo ya mto, na ingekuwa aibu gani, mimi kurudishwa kwa sababu ya shabaha!

Bunduki zenyewe ni hizi ndogo. Zile kubwa zinazojipakia zenyewe raia wa hapa haruhusiwi kuwa nazo, na mimi naona sawa tu, kisahani cha chai hakihitaji mzinga. Hizi ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, bunduki inatema ganda upande wa kulia, inajipakia nyingine, inasubiri uvute tena.

Basi nilikuwa nimeshalaumu mbili. Ya kwanza, kuukuu ya mbao, nilisema darubini imelegea. Ya pili nilisema mtutu umechoka. Ya kufanana na hii ya tatu ndiyo niliyopanga kununua, nyeusi tii, imejaa vikorokoro kama ya askari. Nikuambie ukweli? Nilitaka nipige nayo picha niipeleke nyumbani Machakos.

"Hii nayo imepinda," nikasema.

Msimamizi wa uwanja alikuwa Mzee Gurdial, Singasinga wa Kisumu, seremala tangu ujana wake, sote tukimwita Fundi. Kiswahili chake kilinishinda hata mimi. Akaichukua bunduki ileile, akavuta mara tano. Ngii, ngii, ngii, ngii, ngii. Sahani zote chini. Akairudisha mezani taratibu, mtutu ukielekea mbele.

"Imepinda wapi, Mutua?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nyosha mikono. Kutanisha viganja uache kitundu kidogo. Sasa itazame pua yangu kupitia hapo, macho yote wazi."

Nikafanya. Akasogea.

"Jicho ninaloliona kwenye kitundu, ndilo linalolenga, ni la kushoto. Bega unalowekea bunduki ni la kulia. Ndiyo maana shingo unaipinda kama kuku anayetafuta punje. Wewe ni mashoto?"

"Hapana, Fundi. Mimi mtu wa kulia kabisa."

"Na pale mlangoni, ulipodhani sikuoni, jina lako uliliandika daftarini kwa mkono upi?"

Nikauingiza mkono wa kushoto mfukoni. Nyumbani kwetu mkono wa kushoto ulikuwa wa chooni, mwanangu. Nyanya alikuwa akiufunga mgongoni kwa kipande cha leso kila tulipokaa kula, na mwalimu wa darasa la pili akamalizia kwa fimbo. Niliuficha miaka na miaka. Hata mke wangu aligundua tu kwa jinsi ninavyomenya viazi, na alicheka siku mbili.

Fundi akashusha sauti. "Sikiliza, kijana. Kukosa sahani si kosa. Mimi nilikosa mwaka mzima. Lakini Jumanne wazee wanakaa, nao wataniuliza mimi kama wewe ni mtu wa kupewa bunduki aende nayo nyumbani. Mtu anayenificha mkono wake mwenyewe, siku risasi ikikwama ndani ataniambia? Au ataniambia iko sawa?"

Maneno hayo yalinichoma.

"Ni mashoto, Fundi. Tangu nizaliwe."

"Karibu," akasema. "Sasa tutafute bunduki."

Nikaiweka ile nyeusi bega la kushoto, nikavuta. Ganda likaruka nyuma, la moto, likanipata shavuni chini ya miwani ya kujikinga. Sikuyumba. Nilitoa kidole kwenye kifyatulio, nikaweka bunduki mezani, mtutu mbele, ndipo nikapiga ukelele: "Uuwi!"

Hapo ndipo Fundi alipocheka, mpaka akashika meza. "Umeungua na mtutu haukuhama! Hilo nitawaambia Jumanne."

Ile ya pili kitako chake kilichongwa kwa shavu la kulia, nililala juu yake kama mtu aliyelala kwenye jiwe. Ikabaki ile kuukuu ya mbao, niliyosema darubini imelegea. Kitako kimenyooka pande zote mbili. Shavu likatua lenyewe. Maganda yakaruka mbele, mbali na mimi. Ngii. Mwanangu, sauti ile! Ngii, ngii, ngii. Nne chini. Ya tano niliikosa, na sikuilaumu bunduki.

Walinikubali. Nikanunua ya mbao kama ile, na mpaka leo imo kwenye sanduku lake la chuma lililofungwa ukutani, kitako kimeng'aa upande ambao shavu langu hulala. Sasa msimamizi wa uwanja ni mimi. Wananiita Fundi, mimi nisiyejua kupiga msumari, na naitika kifua mbele.

Sasa picha zako. Siwezi kukuchagulia, na nitakuambia kwa nini. Kwenye ile harusi ya Barking nilikuona ukila pilau, kijiko mkono wa kushoto, na shangazi yako alipotokea mlangoni kikahamia kulia upesi kuliko risasi. Nilicheka peke yangu, halafu sikucheka tena.

Kwa hiyo Jumamosi, kabla hujagusa bunduki yoyote, mwambie msimamizi wako: mimi ni mashoto. Kisha omba kuzijaribu zote tatu. Tazama ganda linaangukia wapi. Sikia kama shavu linatua bila shingo kupinda, na kama mkono bado una nguvu risasi zote zikiisha. Sura ya bunduki iwe ya mwisho kabisa kuulizwa. Na ukikosa, sema nimekosa.

Mungu akupe jicho tulivu na bega lisiloona haya. Akulinde wewe na kila anayesimama karibu nawe uwanjani. Na mkono huo aliokuumba nao, ule nao, uandike nao, uangushe nao sahani zote tano, mpaka nisikie ngii yake huku Thornton Heath.