Mrushaji Aliyeazima Jina la Ovidio

Ovidio Marte hakuwa mchezaji. Alikuwa mwendesha mkokoteni wa ng'ombe, mtu wa kubeba miwa kutoka shambani hadi kwenye mizani ya kiwanda, hapa kwenye kambi yetu ya wakata miwa nje ya San Pedro. Utotoni, tukicheza besiboli, tulimweka nyuma kabisa ya uwanja ambako mpira haufiki, na siku ukifika tulijua tumeshapigwa. Lakini kwa miaka kumi na moja jina lake lilitangazwa redioni kutoka Marekani, viwanja vizima vikisimama kulishangilia, naye akilisikiliza juu ya mkokoteni huku akitafuna muwa.

Jina lilikuwa lake. Mkono ulikuwa wa Shoto.

Shoto, ambaye mama yake alimbatiza Nereo Castillo, alikuwa jirani wa kina Ovidio, wa ukuta mmoja. Alirusha kwa mkono wa kushoto, na mpira wake ukimkaribia mpigaji ulizama ghafla, kana kwamba umekatiwa kamba. Alikuwa na kasoro moja tu, nayo haikuwa na dawa: umri. Wasaka vipaji walitaka vijana wa miaka kumi na sita, na yeye alishatimiza ishirini. Dalali aliyekuwa akimtafutia timu akatupa jicho nyumba ya pili, akamwona Ovidio, miaka kumi na sita kamili, na ndani baba yake yu hoi kitandani, figo zimegoma. Dalali akamwahidi mama hospitali ya mji mkuu. Mama akatoa cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Ovidio alikuwa shambani siku hiyo, hakuna aliyemuuliza.

Baba aliishi miaka miwili zaidi. Hilo Ovidio hulitaja kila mara, asije mtu akamtukania mama yake.

Ila bila cheti hakuruhusiwa kufanya mtihani wa darasa la nane, na ndoto yake ya kuwa fundi umeme ikaishia mlangoni pa shule. Alipokwenda kuomba kitambulisho, karani alicheka mpaka akakohoa. "Ovidio Marte yuko Marekani anarusha mipira. Wewe ni nani, kivuli chake?" Kusema kweli kungempeleka mama jela. Akarudi, akafunga ng'ombe. Alimwoa Fior bila ndoa ya serikali, na watoto wao wawili wakaandikishwa kwa ukoo wa mama, kama watoto wasio na baba, na baba mwenyewe amewabeba mabegani.

Kisha Wamarekani wakaanza kukagua vyeti upya, na Shoto akanaswa. Mama yake Ovidio alishafariki, hapakuwa na wa kupelekwa jela. Alifungiwa msimu mzima. Aliporudi uwanjani alikuwa Nereo Castillo, mkubwa kwa miaka minne kuliko walivyomjua, na watu walewale waliomshangilia wakawa wanamzomea. Mkono nao ukachoka. Akarudi kambini na magoti mabovu na kiu ya ramu.

Siku ya kwanza alikuja kwa Ovidio na gari lililobeba friji. Nilikuwepo, tulikuwa tunacheza dhumna uani.

"Vidio, ndugu yangu, njoo upokee," Shoto akasema. "Kubwa, milango miwili."

Ovidio hakuinuka. "Lirudishe ulikolitoa."

"Kaka, usinifanyie hivyo mbele za watu. Mimi nilichukua jina lako likiwa dogo, hata mbwa wa hapa hawalijui. Nimekurudishia likiwa kubwa! Nenda popote, sema wewe ni Ovidio Marte, uone watakavyokupisha."

"Shati langu ulilivaa wewe, likatanuka kwa mwili wako," Ovidio akasema. "Sasa linanipwaya, nalo shati ni langu. Nifanyeje? Ondoa friji, unatuzibia mwanga."

Shoto akaondoka na gari lake. Hakuomba msamaha, si siku ile wala baadaye. Lakini jioni nyingi niliwaona wawili hao wameketi kwenye ubao mmoja wakiangalia vijana wakicheza, hawasemeshani, kila mmoja na chupa yake. Shoto akiona kijana anarusha vibaya alisonya. Ovidio naye alisonya, ingawa hakujua kosa liko wapi.

Shoto alikufa kwa ini kabla ya kufika hamsini na moja. Mwaka uliofuata, kamati ya Jumba la Mashujaa wa Besiboli la mkoa ikaita mkutano wa hadhara kuamua kama anastahili kuingizwa kwenye orodha ya ukutani ya wachezaji wakubwa. Kambi nzima ilikwenda. Mbele kabisa aliketi Casilda, dada yake Shoto, amevaa nguo ya kanisani.

Mwenyekiti, Wakili Ureña, alimpa nafasi kwanza kocha Tancredo, mzee aliyelea wachezaji tangu enzi za baba zetu.

"Alikuwa mrushaji bora niliyemwona kwa macho haya," Tancredo alisema. "Na sitampigia kura. Mtu mzima alijipanga na watoto, akawashinda. Nafasi aliyopewa ilikuwa ya kijana wa miaka kumi na sita wa kweli. Nilikuwa na kijana huyo. Siku Shoto alipochukuliwa, yeye alirudishwa nyumbani. Mnajua yuko wapi leo? Mimi ndiye niliyemzika."

Kelele zikalipuka ukumbini.

"Wote walidanganya umri, kocha! Utawatoa wote?"

"Mwizi ni mwizi hata akiwa shoto!"

"Wewe hata jiwe hujui kurusha, kaa chini!"

Wakili aligonga meza mpaka glasi ikaanguka. Alikuwa mtu wa kupenda amani, na amani yake alishaiandaa kutoka nyumbani. "Ndugu zangu, ya nini kufukua makaburi? Ushindi umeandikwa kwa jina la Ovidio Marte. Tuandike ukutani 'Ovidio Marte', tarehe, ushindi, basi. Mambo ya vyeti tuyaache. Kila mtu aende nyumbani na furaha."

Watu walipiga makofi. Casilda alipiga kuliko wote. Hata wawili watatu wa kamati waliokuwa wamekunja uso waliukunjua.

Ndipo Ovidio akasimama. Hakuwa amealikwa kusema.

"Huyo Ovidio Marte ni mimi."

"Tunajua, mzee," Wakili akasema kwa upole. "Na ni heshima kwako pia. Jina lako litang'aa."

"Lising'ae. Hilo ndilo jina nililolala nalo njaa. Nililikatazwa shuleni, nililikatazwa ofisini, wanangu hawakupewa. Leo mnalipaka dhahabu mlibandike ukutani? Mimi sijawahi kumpata hata mbuzi kwa jiwe! Aliyerusha ile mipira ni Nereo Castillo. Mwandikeni Nereo Castillo, na alichofanya kiandikwe chini yake."

"Lakini mzee, huyo ndiye aliyekudhulumu. Si ungekuwa wa kwanza kumkataa?"

"Dhuluma ni yangu, sijampa mtu kazi ya kusamehe kwa niaba yangu. Nitakutana naye huko mbele, tutamalizana." Akamgeukia kocha. "Tancredo, kuhusu yule kijana wako huna kosa, sina cha kukujibu. Ila kule ligi kuu Shoto hakuwarushia watoto. Aliwarushia wanaume wenye ndevu, akawakalisha miaka kumi na moja. Mkimkataa, mkataeni yeye. Mkimkubali, mkubalini yeye. Mkimwingiza kwa jina langu, mnaiba kama alivyoiba, tena ninyi hamna hata mkono wa kushoto!"

Watu walicheka. Wakili hakucheka. Suluhu yake ilikuwa imekufa mbele ya macho yake, kwa kuwa mwenye jina alikuwa hai na amelikataza. Ikabidi wapige kura juu ya Nereo Castillo na makosa yake yote. Kura zikakataa.

Kambi ilimgeuka Ovidio. Dukani walinyamaza akiingia. "Tulikuwa na shujaa, umetupora," walimwambia. Casilda alikuja mpaka uani kwake, akasimama na mikono kiunoni.

"Mchawi wewe! Kaka yangu alikuwa amekwisha kuingia, mguu mmoja ulikuwa ndani!"

"Mguu wa nani, dada?"

"Wa kaka yangu!"

"Kaka yako anaitwa nani?"

Fior alimsogezea Casilda kiti na kikombe cha kahawa. Akakaa, akaanza kulia kwa hasira. Akasema mama yao alikufa na redio sikioni. Uwanja mzima ulikuwa unamshangilia mwanawe, naye akawa anamuuliza Casilda, "Huyo Marte ndiye wetu, au ni wa jirani?" Maana akili ilikuwa imeshamtoka, na jina alilompa mwanawe hakulisikia.

"Basi," Ovidio akasema. "Na mimi ndilo hilo tu ninalosema."

Mwaka ule Ovidio alikwenda hatimaye kudai kitambulisho chake, akafunga ndoa ya serikali na Fior, na watoto wao, watu wazima sasa, wakaandikwa Marte. Casilda alisimamia ndoa. Wengi kambini hawakuja, na waliokuja, hata waliomnunia dukani, walikula wakashiba.

Mwaka uliofuata Ovidio alirudi mbele ya kamati, Casilda ubavuni mwake, kuomba Nereo Castillo aingizwe kwa jina lake mwenyewe. Kura zilikataa tena, kwa tofauti ndogo zaidi. Mwaka huu vilevile. Tulipotoka, Wakili Ureña alimkuta Ovidio ngazini, akamshika bega.

"Mzee Marte, utachoka lini? Ungelikubali lile pendekezo langu, angekuwa ndani tangu siku ile."

"Angekuwa ndani nani?" Ovidio akauliza, akavaa kofia yake, akashuka ngazi.