King'ora cha kiwanda cha chai

Jamani, msiguse king'ora cha zamani kabla ya kuwatangazia watu.

Kile kiwanda cha chai kijijini kwetu, kilichofungwa nikiwa bado shule ya msingi, tunakigeuza ukumbi wa harusi na mikutano. Mimi ndiye katibu wa kamati. Sikuomba.

Leo asubuhi fundi karudisha umeme, akaniuliza, "Hiki king'ora bado kizima?"

Nikamwambia, hebu jaribu.

Kikalia. Mpaka mashambani wakakisikia.

Haikupita nusu saa, akina mama watano wako mlangoni, vikapu vya majani mabichi mgongoni, wamelowa chapachapa. Zamani kikilia hivyo, maana yake mizani iko tayari, leteni chai. Siku hizi wanasubiri lori, na lisipokuja majani yanaharibika.

Wa mbele kabisa? Mama yangu mzazi.

"Mama, si nilikwambia tunajenga ukumbi?"

Akashusha kikapu taratibu. "Uliniambia, mwanangu. Nilivyokisikia nikajua mmeghairi."

Haya, nyie mngemjibu nini?

Mimi nimembebea kikapu hadi nyumbani. Kumbe ni kizito hivi.